Mirathi Haikuvunjwa na Mahakama ya Juu

Tangu tarehe 30 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu hiyo pekee, baraza za Mombasa zimegawanyika. Wa upande huu wanasema mirathi ya Kiislamu imezikwa. Wa upande ule wanasema haki ya mtoto imesimama. Wote wawili wanazungumza kana kwamba mambo yalianzia siku majaji walipofungua vinywa, na hapo ndipo nisipokubaliana na yeyote kati yao. Familia zenye mali katika mji huu hazivunjwi na majaji. Zinavunjwa na juhudi ya kulilinda jina kwa kunyamaza, juhudi inayoanza baba akiwa hai, mzima, anasalimiwa kwa heshima kila Ijumaa. Na kunyamaza huko kuna wanaonufaika nako. Hao hatuwazungumzii.

Tuanze na hukumu yenyewe, maana wengi wanaoijadili wameipata kwa mdomo. Shauri lilianzia Mahakama Kuu hapa Mombasa, likapanda Mahakama ya Rufaa, likaishia Mahakama ya Juu. Hoja ilihusu Kifungu cha 24(4) cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba masharti ya usawa yanaweza kulegezwa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za Kadhi kwa Waislamu, katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, lakini kwa kadiri inayohitajika kabisa. Majaji waliyasoma maneno hayo ya mwisho kwa ufinyu. Wakaona kumtoa mtoto kwenye urithi kwa kosa la wazazi wake ni ubaguzi ambao ulegezaji huo hauufuniki. Mafungu ya mke, ya mwana na ya binti yaliyotajwa katika Surat Nisaa hayakuguswa. Mahakama za Kadhi ziko palepale. Anayesema mirathi yote imefutwa ama hakusoma au anataka wengine wasisome.

Hata hivyo hasira ya masheikh wetu si ya kupuuzwa, nami sitaipuuza. Mahakama za Kadhi hazikuletwa na Katiba ya 2010 kama zawadi. Zilikuwapo kabla ya Mwingereza, zikalindwa katika mkataba wa 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, na zikaahidiwa tena mwaka 1963 mwambao wa maili kumi ulipounganishwa na Kenya. Sheria ya Urithi iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika 1981 ilitaka kuwaweka Wakenya wote kwenye kapu moja. Waislamu wakapinga kwa miaka, hadi marekebisho ya 1990 yakaruhusu mali ya Mwislamu igawanywe kwa sheria yake. Mtu mwenye historia hiyo akisikia mahakama ya Nairobi inampangia nani ni mrithi, lazima ashtuke. Leo ni mtoto wa nje, kesho je? Swali hilo ni la haki, na majibu ya haraka ya wanasheria hayajalimaliza.

Upande wa pili nao una neno zito. Mtoto hakuchagua. Alilelewa, pengine alisomeshwa, watu wa mtaa walimjua kwa jina la baba yake na wakamwita hivyo mpaka siku ya mazishi. Halafu saa chache baada ya udongo kukauka anaambiwa hajulikani. Sihitaji kuwa jaji kuona kwamba kuna dhuluma hapo.

Lakini katika ugomvi wote huo kuna jambo limeachwa, nalo ndilo linalonifanya niandike. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Masunni wengi wa Pwani, mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake na hamrithi baba. Sawa. Ila kwa kuwa si mrithi wa baba, mlango mwingine umeachwa wazi kwake. Mrithi hawezi kuusiwa mali ila warithi wenzake waridhie, lakini asiye mrithi anaweza kuusiwa hadi thuluthi moja ya mali yote. Thuluthi! Katika nyumba ambayo kila mwana anangojea sehemu ya kilichobaki baada ya mama kupata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na deni kulipwa, thuluthi yaweza kuwa kubwa kuliko fungu la mwana yeyote wa ndani. Na kabla ya wasia ipo hiba: baba akiwa na afya yake anampa mtoto nyumba au duka, anamkabidhi funguo, mambo yamekwisha, hakuna kadhi wala jaji atakayeuliza. Akingoja mpaka maradhi ya mauti, hiba hiyo itahesabiwa kama wasia na kubanwa na thuluthi. Maulamaa hawakumfungia mtu huyu mlango. Walimpa funguo mbili.

Kwa nini basi hazitumiki? Kwa sababu wasia unataka mashahidi, na mashahidi wana wake zao, na wake zao wana majirani. Kumwandikia mtoto yule thuluthi ni kukiri kwa maandishi kwamba yupo. Mzee aliyejenga msikiti, anayekaa safu ya kwanza, ambaye binti zake wameolewa na watu wa nasaba, haoni vipi atautia wino huo. Anaona bora kumpelekea mama mtoto matumizi kila mwisho wa mwezi kwa mkono wa mtu, kimyakimya, na kumwachia Mungu yaliyobaki. Halafu anafariki. Matumizi yanakatika mwezi uleule. Mama mtoto, ambaye kwa miaka ishirini hakuwa na haja ya wakili, sasa anamtafuta wakili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika mji huu kifo huumbua kwa nambari ya kesi.

Niliwahi kukaa katika hitima ya siku ya tatu, Mji wa Kale, aliposimama mlangoni kijana mmoja aliyefanana na marehemu kuliko wanawe wote waliokaa ndani. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha pia. Alipewa kahawa kama mpita njia, akanywa, akaenda zake. Kila mtu alijua, na kila mtu aliendelea kusoma.

Hapa lazima nimjibu mtu mwenye hoja nzuri. Atasema: sitara ni fadhila. Dini inatuamrisha kustiri aibu za watu, na mtu aliyeteleza akatubu hana wajibu wa kujitangaza. Nakubali kabisa. Wala sisemi mzee asimame kwenye mimbari. Sitara ni kutomuanika mja mbele ya wasiohusika. Warithi wanahusika, na mtoto anahusika kuliko wote. Wasia unaweza kuandikwa mbele ya watu wawili waaminifu na wakili mmoja, ukafungwa, ukakaa kwa wasii, yule aliyepewa kazi ya kuutekeleza. Hiba inaweza kupita kwa mtu wa tatu. Kuna njia kadhaa za kustiri na kutoa haki kwa pamoja. Kinachofanyika mara nyingi ni kumstiri baba kwa gharama ya mtoto, kisha kuiita hali hiyo kwa jina zuri la dini.

Na si mtoto wa nje tu anayelipa gharama hiyo. Binti wa ndani ya ndoa, mwenye fungu lake lililoandikwa katika Kitabu, naye hulipishwa kwa sarafu ileile. Tazama mambo yanavyokwenda. Baba amekufa. Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi, na wazee wanasema si adabu kuzungumza mali mama hajatoka ndani. Inapokwisha eda, inasemwa tungoje fulani arudi kutoka safari. Kisha Ramadhani. Kisha harusi ya mjukuu, isije ikaharibika. Wakati wote huo kodi za maduka zinakusanywa, na mkusanyaji ni mtoto wa kiume mkubwa, ambaye hakuteuliwa na mtu ila funguo zilikuwa mfukoni mwake siku ya msiba. Dada akiuliza, anaulizwa yeye: una njaa? Mumeo hakulishi? Unataka watu waseme watoto wa fulani wameshtakiana? Jina la ukoo, ambalo lilikuwa mali ya wote, limekuwa fimbo mkononi mwa mmoja. Dada ananyamaza, au anatia sahihi kwamba amewaachia nduguze. Sharia inamruhusu mrithi kuliachia fungu lake kwa ridhaa, lakini ridhaa gani ya mtu ambaye hajaonyeshwa hesabu? Katika mpangilio wa sharia hakuna mahali palipoandikwa kungoja harusi. Gharama za maziko, deni, wasia, kisha mafungu. Ipo sababu ya kusubiri kama mjane ni mja mzito, na nyingine chache za namna hiyo. Adabu ya mji si miongoni mwao.

Kuchelewa huko kuna hesabu yake, na ningependa kila familia yenye nyumba moja ya ghorofa Kibokoni, Mji wa Kale, ikae chini iifanye. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Hawakugawa. Mama naye akafariki, wazazi wake wamekwisha kutangulia, fungu lake likarudi kwa watoto wale wale. Mpaka hapo hesabu ni nyepesi: kila mwana ana sehemu mbili kati ya tano, binti ana moja. Bado hawakugawa, kwa sababu "sisi twapendana." Mwana mkubwa akafariki, ameacha mke na mabinti watatu, hana mtoto wa kiume. Mke wake anapata thumuni ya fungu lile, mabinti wanagawana thuluthi mbili, na kinachobaki, sehemu tano kati ya ishirini na nne, kinakwenda kwa kaka na dada wa marehemu. Maana yake ami sasa ana hisa katika chumba anacholala mjane wa kaka yake na mayatima watatu. Wamiliki wamekuwa sita. Hakuna anayeweza kuuza hata ngazi bila wenzake. Hao hao ambao miaka ishirini iliyopita wangemaliza mambo kwa mkutano mmoja wa baada ya Alasiri, sasa wanahitaji mtaalamu wa faraidh, yaani hesabu ya mafungu ya mirathi, kuwapigia hesabu na wakili wa kuandika. Na ami si mwovu. Anadai fungu lake, tena la halali. Kilichomweka mlangoni kwa mjane ni ule upendo usiotaka kugawa.

Kuna hoja moja ninayoisikia kila mara, nayo ni dhaifu kuliko zote: kwamba haya mambo tangu zamani yalimalizwa nyumbani, na ni mahakama, mawakili na Katiba mpya vilivyotuharibia. Kwanza, haikuwa hivyo. Familia za Pwani zimekuwa zikishtakiana juu ya wakfu na mirathi tangu enzi za ukoloni, na baadhi ya mashauri ya Afrika Mashariki yalifika mpaka Baraza la Faragha kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Mwingereza. Mwaka 1894 baraza hilo, katika shauri kutoka Bengal, lilibatilisha wakfu wa familia kwa madai kwamba sadaka kwa maskini ilikuwa jina tu. India ikabidi itunge sheria mwaka 1913 kuurekebisha uamuzi huo, lakini kivuli chake kilizidi kuwasumbua Waislamu wa huku kwa miongo kadhaa. Babu zetu walijua njia ya kwenda mahakamani. Pili, wasio Waislamu hawana faraidh wala kadhi na hali yao si nafuu. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri mwenye nguvu, alifariki 1981, na mzozo wa mali yake ulikaa kortini zaidi ya miongo mitatu. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, "nyumbani" panapotajwa huwa ni sebuleni kwa mwenye funguo. Mdogo, mjane, na aliyeolewa mbali hawakaribishwi au wanakaribishwa kuja kusikiliza. Sulhu ya kweli mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Katiba yenyewe katika Kifungu cha 159 inaitambua, na mahakama zetu zina utaratibu wa kuwapeleka wagomvi kwa msuluhishi kabla ya kusikiliza shauri. Lakini sulhu inataka kila mmoja aone daftari lile lile.

Wala kunyamaza hakulilindi tena jina, hata kama zamani kulililinda. Ombi la kusimamia mali ya marehemu likifunguliwa Mahakama Kuu hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali, na watu hupewa siku thelathini za kuweka pingamizi. Hukumu huwekwa kwenye mtandao, bure, jina la marehemu na majina ya wake na watoto yakiwa juu kabisa. Mjukuu wa mzee yule ataomba kazi Dubai, mwajiri ataandika jina la ukoo kwenye simu, na kitakachotokea kwanza ni aya ya jaji ikieleza nani alikuwa mke na nani hakuwa. Hapana mwandishi wa udaku aliyefanya hilo. Limefanywa na watu waliokataa kuandika kurasa mbili.

Kwa upande wa biashara kosa ni la namna nyingine. Faraidh inasema nani anamiliki kiasi gani. Haisemi nani akae kwenye kiti cha dukani, nani atie sahihi hundi, nani azungumze na wenye meli. Wengi wanadhani fungu kubwa la mwana linampa na kiti. Halimpi. Binti mhasibu anaweza kuwa na hisa moja na bado akafaa kuendesha kuliko kaka zake wawili, na hakuna aya inayomzuia. Tumechanganya umiliki na uendeshaji, na mchanganyo huo umezika maduka mengi kuliko maduka makubwa ya Nyali. Mji huu una mfano wake wa zamani. Allidina Visram, tajiri aliyeanza katika misafara ya biashara na kufikisha maduka yake mpaka Uganda, alifariki 1916. Mwanawe alilienzi jina la baba kwa kujenga shule, nayo bado iko Mombasa na bado inatoa wanafunzi. Ile himaya ya biashara haikufika mbali baada ya wao wawili. Jina lilipewa jengo na wasimamizi, likaishi. Biashara ilitegemea watu wawili, nao walikuwa wa kufa.

Sasa wapo mawakili wanaouza dawa moja kwa kila ugonjwa: tia kila kitu ndani ya kampuni, au ndani ya amana ya familia, mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya jamaa, ambayo marekebisho ya sheria ya 2021 yaliitambua waziwazi. Vyombo hivyo ni vizuri, kama ulivyo mzuri wakfu wa dhuria, ule unaowekewa kizazi cha mwenyewe. Lakini chombo hakisemi ukweli ambao aliyekiunda hakuusema. Amana isiyomtaja mtoto wa nje itashambuliwa na mtoto wa nje. Kampuni ambayo hisa zake zote ziko kwa jina la mwana mkubwa, "kwa niaba ya wenzake" kwa maneno ya mdomo, ni kesi inayosubiri tarehe. Na wakfu uliotengwa na babu kwa vizazi vyote bila fungu la matengenezo, nenda kautazame katika vichochoro vya Mji wa Kale: mlango wa nakshi bado mzuri, dari imeingia chumbani.

Hapo ndipo jambo linapotoka katika ukoo na kuingia katika mji. Ardhi kubwa ya kisiwa na ya bara yake iliandikishwa kwa majina ya watu chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, na sehemu yake nzuri bado iko kwenye majina hayo au ya watoto wao, waliokwisha kufa. Juu ya ardhi hizo, Majengo na kwingineko, kuna maelfu ya wakazi wenye nyumba lakini wasio na ardhi, wanaolipa kodi ya kiwanja kwa anayekuja kukusanya. Wakitaka kununua, hawana wa kuuziwa naye, maana mwenye hati yuko makaburini na warithi wake hawajawahi kukaa meza moja. Kila ukoo unaoogopa aibu ya kugawa unawafungia pia watu ambao hawajui hata jina la ami wala la dada. Serikali inapozungumzia wenye ardhi wasioonekana, huwafikiria matajiri waliohamia ng'ambo. Baadhi hawakuhama popote. Wako Kizingo, hapa hapa mjini, wanangoja eda iishe.

Kwa hiyo anayeniuliza kama hukumu ya Juni ilikuwa sahihi, namjibu kwamba bado nina shaka na namna majaji walivyoupima mkataba wa kale wa Pwani, na sina shaka hata kidogo kwamba baba wa watu angeweza kuizuia kesi ile kwa karatasi moja. Rudi kwenye ile nyumba ya Kibokoni. Mnunuzi amepatikana, bei ni nzuri, mjane amekubali, mabinti watatu wamekubali, ami amekubali baada ya kunung'unika. Imebaki sahihi ya dada, aliyeolewa Maskati. Aliwahi kuuliza hesabu ya kodi, mara moja, mwaka aliofariki mama, akaambiwa asiwatie watu midomoni. Sasa kaka anampigia kila siku baada ya Magharibi, na simu inaita mpaka inakatika.